Ponda Karanga

Mtaa wa Kamwokya wa utoto wangu ulinukia karanga za kukaanga. Wanawake wa sokoni walizitwanga kwenye vinu tangu asubuhi, na hapo ndipo Tantine Riziki, dada wa baba yangu, alipopata wimbo wake wa mzaha. Tantine alikuwa mwimbaji wa jazi. Tulitoka naye Bukavu, na kila wikendi aliimba kwenye baa moja ya mtaani, taratibu, macho ameyafumba. Wenzake wa bendi walimchokoza kwamba anawalaza wateja. Basi akachukua mdundo wa rokenroli, gitaa likikwaruza, akaimba juu ya mke anayemalizia kwenye kinu cha karanga hasira zake kwa mume mlevi: "Ponda! Ponda! Isibaki nzima!" Studio walirekodi huku wakicheka. Msimu ule wa mvua kila kibanda kiliucheza, na sisi watoto tuliupiga kwa makopo, mimi nikiringa kwamba mwenye sauti ile ananisuka nywele.

Jumamosi moja tulikuwa sokoni tukichagua matoke, tukasikia ukelele wa "Mubbi!", yaani mwizi. Kijana aliyekwapua simu alikuwa ameangushwa kwenye tope, mbele ya duka la spika. Walianza na mateke, kisha matofali, kisha ubao wenye misumari. Dukani ulikuwa unapigwa wimbo wa Tantine. Sijui nani alianza, ila kibwagizo kilipofika umati mzima uliitikia, "Ponda! Ponda!", na kila neno likaja na pigo. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Wengine walikuwa wanacheka. Tantine akaniachia mkono. Alijipenyeza, akamlalia yule kijana mwili mzima, akipiga kelele, "Muache! Ni mutoto wa mutu! Muache!" Hawakuacha mara moja. Tofali lilimpata sikioni, damu ikatapakaa kwenye blauzi yake ya njano, ndipo muuza nyanya mmoja akamtambua. "Jamani, ni mwenyewe! Ni mwenye wimbo!" Mikono ikashuka. Kijana alifikishwa hospitali akiwa hai, akafa kesho yake.

Tantine hakuuimba tena, na sikio lile halijasikia kitu tangu siku hiyo. Leo mimi ni mama, na Kamwokya ina studio kila kichochoro. Mwizi akikamatwa bado anapigwa, ila sasa wengine husimama pembeni wakirekodi kwa simu. Mwezi uliopita mtayarishaji mmoja kijana alikuja kumwomba Tantine aurudie ule wimbo, maana unachekesha, akasema, na vijana wataupenda. Tantine alimwekea chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto wangu," akamwambia, "ile wimbo ilishapiga mutu."