Zamu ya Mfereji

Msimu wa kuchuma kahawa, mto Ruiru ulinuka. Kiwanda cha shamba kilimenya kahawa mbichi mchana kutwa, na maji ya maganda yakateremka mtoni yakiwa mazito na mekundu, hata ng'ombe aliyanusa akageuka. Ndiyo maana sisi wanawake wa laini, vile vyumba vya wafanyakazi vilivyojengwa safu kwa safu, tulitegemea mfereji mmoja, bomba la maji safi. Nilifika pale nikiwa bibi arusi, katikati ya miaka ya hamsini, na jambo la kwanza nililoliona ni mama mzima amemkamata mwenzake nywele, wote wawili wamelishikilia debe moja. Nikajiambia, hapa nitapazoea.

Na kweli nilipazoea. Laini ya juu tulikaa Wakikuyu wengi, laini ya chini Wakamba wengi, mfereji ukasimama katikati. Asubuhi maji yalikuja kwa nguvu, lakini jioni yalichuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua, kwa hiyo kila mtu aliitaka asubuhi. Nyapara, msimamizi wetu shambani, alikuwa akija, anafoka, anatishia kuufunga mfereji, na akipa kisogo tu tunaanza tena.

Jumapili moja baada ya kanisa tuliketi kwenye nyasi pale pale, wa juu na wa chini, bila mwanamume hata mmoja. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, kila mtu akichomeka maneno ya kwao, lakini tulielewana. Tulipatana kwamba wiki hii asubuhi ni ya juu na jioni ni ya chini, wiki ijayo tunabadilishana. Atakayeteka nje ya zamu, maji yake yatamwagwa na mwenye zamu aliye wa kwanza kwenye foleni. Amwage bila tusi, na anayemwagiwa asijibu. Hilo la kutojibu lililetwa na wa chini, waliosema wa juu tuna midomo. Waliponiangalia mimi, sikuweza kubisha.

Mwanzoni tulilichukulia kama mchezo. Mtu akimwagiwa, wengine wanacheka, naye anajipangusa miguu na kwenda zake. Kisha miezi ikapita na mabibi arusi wengine wakaja, wakaambiwa tu, "Hapa ni hivi," na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeamua. Watoto nao, wakicheza kupika kwa matope, walimwagiana vikopo wakiwa wamenyamaza kama majaji. Nikiwakumbuka hadi leo nacheka peke yangu.

Siku moja nyapara alituma ndoo yake asubuhi isiyokuwa ya upande wake. Ikamwagwa. Akaja mwenyewe, kofia kichwani, akauliza kama tunamjua yeye ni nani. Akajaza, ikamwagwa tena mbele ya macho yake, bila tusi. Alikwenda kushtaki kwa mzungu mwenye shamba, na mzungu akamuuliza kama wanawake bado wanapigana. Akasema hawapigani. Basi, akaambiwa, na yeye afuate zamu. Siku hiyo mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, mpaka nikashika mbavu.

Kicheko hicho kilinigeukia msimu uliofuata. Mtoto wangu wa kwanza, bado ananyonya, alishikwa na homa kali. Nilitoka naye alfajiri kwenda zahanati ya Thika, nikapewa dawa na kuambiwa nimpanguse mwili kwa maji safi, tena na tena, mpaka joto lishuke. Nilirudi jioni. Zamu yetu ya asubuhi ilikuwa imepita zamani na mtungi wangu ulikuwa mkavu. Jirani niliyemgongea alikuwa amekwisha kupika na kufua, akanipa kikombe kimoja. Mtoto alikuwa anawaka mgongoni mwangu, nausikia moto wake kupitia nguo.

Nikachukua debe nikaenda mferejini. Wanawake wa chini walikuwa kwenye foleni. Sikusalimu. Nililitia debe langu chini ya mfereji nikasimama nalitazama likijaa polepole. Aliyekuwa wa kwanza ni rafiki yangu, mama mmoja wa kutoka Ngoliba, tuliyechuma naye kahawa mstari mmoja na kucheka naye kila siku. Alimtazama mtoto mgongoni. Alinitazama mimi. Kisha akainama, akaliinua debe langu na kuyamwaga maji yote chini, taratibu, akanirudishia debe mikononi.

Sikujibu. Midomo yangu ilikuwa imejaa maneno, lakini sikujibu. Nilipanda kwenda nyumbani nikilia, na njia nzima nilimchukia yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nilikuwa nimeketi na kile kikombe cha maji, nachovya kitambaa, mlango uliposukumwa. Akaingia ameinama na debe lake kichwani, limejaa, kanga yake imelowa begani. Akalitua karibu na kitanda.

"Ile ya mfereji iko na zamu," akasema. "Hii ni yangu. Nimetoa kwa nyumba."

Nikamuuliza yeye na watoto wake watapika na nini. Akasema wana viazi vitamu, wataoka kwenye majivu, na viazi vya kuoka havitaki maji. Akakunja mikono ya nguo yake, akachukua kitambaa kutoka mkononi mwangu, tukampangusa mtoto pamoja mpaka akatoa jasho na kulala.

Alipoondoka tu, mume wangu akaingia akitweta. Alikuwa amesikia njiani kwamba mke wake amemwagiwa maji na mtoto mgonjwa mgongoni. Hakutaka hata kuketi. Anakwenda kwa nyapara sasa hivi, alisema, na kesho kwa mzungu, upumbavu huu wa zamu uishe. Nilijua nyapara angefurahi kiasi gani. Alikuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu siku ya ndoo yake.

"Baba mtoto, kaa chini," nikamwambia.

"Nikae aje? Huyo mama amekukosea."

Nilimtazama mtoto, anapumua vizuri, nywele zimelowa. Nguo yangu nayo ilikuwa bado imelowa miguuni, pale maji yalipomwagika. Nikamwambia mume wangu kwamba hakuna aliyenikosea. Haikuwa zamu yangu.