Kibali Kilichokwenda Temple Hills

Kwa miaka mingi nimekana, lakini ni kweli: nilipomaliza shahada ya pili na kuomba kibali cha kufanya kazi mwaka mmoja Marekani, nilimwomba na Mungu kisifike. Kurudi nyumbani kwa sababu tu nimemkumbuka mama kungekuwa aibu. Kunyimwa na Wamarekani kuna heshima yake.

Ofisi moja ya utafiti mjini Washington ilikubali kunisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Bila kibali, nafasi ingekwenda kwa mwingine, nami ningefungasha. Hadi hapo sikuwa mwanafunzi wala mfanyakazi. Nilitembea mitaa ya Takoma Park, pembeni mwa Washington nilikopanga chumba, kama mtu anayeota. Jioni vimulimuli waliwaka kwenye nyasi za watu, treni ikapita taratibu juu ya daraja, na kwaya ya kanisa dogo ikarudia ubeti uleule madirisha yakiwa wazi. Wakati mwingine nilisikia harufu ya jikoni kwetu, nikasimama njiani kuitafuta.

Kwetu tarishi haji mlangoni. Barua za ukoo mzima zilifikia kwenye sanduku la posta la shule alikofundisha baba, na kila mtu alizipata. Basi mimi, msomi, niliandika kwenye fomu anwani ya mama mdogo, anayeishi Temple Hills upande wa pili wa jiji, kwa kuwa yeye alikuwa na nyumba na mimi nilikuwa na chumba cha kupanga. Tarishi wa huko akaona jina asilolijua, akairudisha bahasha ya kibali ilikotoka.

"Mbona hukuniambia unatumia sanduku langu?" mama mdogo aliniuliza kwenye simu.

"Nilidhani utajua, mama."

"Nitajuaje? Nashinda nawaogesha wazee wa watu, niwe nabashiri na barua zako? Hivi chuoni ulisomea nini?"

"Mipango, mama."

"Haya."

Alibandika jina langu kwenye sanduku lake. Mimi nikapiga simu idara ya uhamiaji kuomba bahasha itumwe tena, kwa sauti ya upole mno, kama mtu anayetumaini hatasikika. Kisha nikarudi kwa vimulimuli wangu.

Mwezi ukielekea ukingoni, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi mchana, simu ikaita.

"Nimekipata kibali chako," mama mdogo alisema. "Nimemvizia tarishi hapo nje nikiwa na kanga yangu, nikamwambia mwenye jina hili ni mtoto wangu. Ila hii picha kwenye kadi, mwanangu. Kama umeamshwa usingizini."

"Asante, mama."

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Unalia?"

"Vumbi tu, mama."

"Vumbi. Takoma Park, penye lami na nyasi." Nilimsikia akivuta kiti, akakaa. "Sikiliza. Hata mimi, miaka yote hii huku, bado napalilia nyumbani. Jumatatu nenda kazini. Nyumbani hakuhami, utakwenda kwa nauli yako mwenyewe."