Mkoba wa Dawa Uliogoma Kufunguka

Mwaka wa tano tangu aache kuuza betri za simu, watu bado walimwita Mama Betri, naye hakujali, maana jina hilo lilimletea wateja. Kilichomkera wiki ile ni kuonekana mbabaishaji. Mkuu wa chuo cha uuguzi hakulitamka neno lenyewe, lakini alilizunguka mpaka kila mwalimu ukumbini akalielewa.

Mama Betri alikuwa ametengeneza mchezo wa kompyuta ambamo mwanafunzi anakuwa muuguzi wa zamu. Anazunguka wodini, anaongea na wagonjwa, kisha anapambana na ugonjwa kama adui; akikosea dawa, anapigwa yeye. Hakuandika kila kitu kwa mkono wake. Alitumia programu ya kutengenezea michezo ya namna hiyo, akaipachikia plagini ishirini na nne, yaani vile vipande ambavyo watengenezaji wengine huvitoa ili mchezo uweze kufanya mambo zaidi. Moja ilileta mkoba wa dawa, nyingine mapambano, nyingine ilikuwa ya msingi, zile nyingine zikiiegemea. Ijumaa mchezo ulikwenda bila kukohoa. Jumatatu, mbele ya walimu kumi na mmoja, mwanafunzi alibonyeza mkoba wa dawa na skrini ikaganda. Wakaanza upya, ikaganda palepale.

"Mama, mgonjwa wetu angeshazikwa," mkuu wa chuo akasema, walimu wakacheka.

Akampa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi. Mkoba ukigoma tena, kazi ingekwenda kwa kampuni nyingine, na miezi minane ya Mama Betri ingekwenda na maji.

Alirudi ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la vioo, akiwa amefura. Akamuuliza shemeji yake kama kuna kitu alikigusa. Shemeji huyu, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa karani wa masijala miaka thelathini na moja. Baada ya kustaafu ndiye aliyeandika maneno ya wagonjwa kwenye mchezo, na aliyaandika vizuri, hilo halikuwa na ubishi. Akavua miwani, akaapa kuwa hajaongeza wala kupunguza hata nukta.

Basi hasira zikahamia kwa watu wa mbali. Mama Betri alimwandikia aliyetengeneza plagini ya mkoba. Kesho yake akajibiwa kuwa mbaya wake ni plagini ya mapambano, aiondoe. Akamwandikia wa mapambano, naye akajibu kwa mistari miwili: yake ni safi, aondoe mkoba. Mama Betri aliwahi kukaa sokoni katikati ya wauza chaja wawili, kila mmoja akimwambia mteja kuwa chaja ya jirani ndiyo iliyounguza simu. Lugha ile aliijua. Hata maelezo ya tatizo hawakuyasoma, mabwana wale.

Jumatano akanakili mchezo mzima pembeni ili asiuharibu ule wenyewe, akazima plagini zote. Akawasha nusu, akajaribu, akaandika kwenye daftari, akazima, akawasha nusu nyingine. Kufika Alhamisi mchana mapambano yalikuwa yametoka kizimbani: hata yakizimwa, mkoba uliganda. Akabakiza mbili tu, mkoba na ile ya msingi. Ukaganda. Hapo ndipo alipofungua maelekezo ya mkoba na kuyasoma mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa arobaini, mahali ambapo hakuna mwenye haraka anayefika, akakuta imeandikwa kuwa mkoba uwekwe chini ya msingi.

Akatazama orodha. Mkoba ulikuwa juu kabisa. Msingi ulikuwa wa tatu kutoka mwisho. Akazitazama na zile nyingine: kwa majina yake ya Kiingereza zilifuatana kuanzia A mpaka Z, zimenyooka kama rejesta ya shule.

"Shemeji," akaita bila kugeuka. "Hii orodha umeipanga wewe?"

"Jumamosi. Ilikuwa shaghalabaghala, nikaipanga kwa alfabeti."

"Na Jumatatu nilikuuliza."

"Nikakwambia sijaongeza wala kupunguza. Kupanga ni kosa?"

Mama Betri akageuza kiti. "Mashine inasoma kutoka juu kwenda chini, shemeji. Mkoba unaamka, unaita msingi, msingi bado umelala huko kwenye S. Siku tatu nagombana na watu nisiowajua, kumbe mchawi nakaa naye meza moja."

"Miaka thelathini na moja sijapoteza jalada hata moja."

"Hujapoteza. Umeniua mimi, tena kwa mpangilio mzuri."

Kuirudisha orodha sawa kulichukua dakika ishirini. Aliufungua mkoba mara arobaini, na mara zote ukafunguka.

Ijumaa ukafunguka pia mbele ya walimu walewale. Mkuu wa chuo, kalamu mkononi, akataka kujua tatizo lilikuwa nini. Shemeji, aliyekuwa amefuatana naye, akatazama viatu vyake. Mama Betri alikuwa na hamu ya kumtaja, tena kwa cheo chake chote cha ukarani, lakini mteja akisikia kwamba ofisini mmoja hajui mwenzake kagusa nini, anarudisha kalamu mfukoni.

"Mpangilio," akasema. "Nimeshaurekebisha."

Mkuu akasaini kuupokea mchezo.

Kwenye ngazi shemeji hakushukuru wala hakuomba radhi. Alisema plagini hizo hazina adabu. Kitu kilichotengenezwa vizuri hukaa popote unapokiweka. Mama Betri alipofika ofisini aliweka nywila kwenye mchezo mzima, akamwachia faili la mazungumzo peke yake. Shemeji akajaribu, akajaribu tena, akauliza kwa nini orodha haifunguki.

"Wewe andika wagonjwa, shemeji," akamwambia. "Hao wakikaa vibaya, nitawapanga mwenyewe."