Mji Tulioonyeshwa Nusu

Juzi mjukuu wangu, huku Bukavu ninakozeekea, aliniita nitazame naye filamu. Ni moja ya zile hadithi za miji ya siku zijazo: watu wamevaa meupe, mashine zinapika, hakuna mgonjwa wala mwenye njaa, na wewe unakaa tu ukingoja kujua uongo uko wapi. Mjukuu akaniambia, "Nkambo, ngojea, mwisho utaona ile muji iko gereza." Nikacheka, rafiki yangu, halafu machozi yakanitoka, na yeye akadhani ni macho ya uzee. Sisi wa Kasongo tulikwisha kuonyeshwa mji wa namna hiyo, enzi za Wabelgiji. Ila mwisho wake hatukuuona.

Aliyeuleta alikuwa Mzungu mwenye duka, aliyepata mashine ya sinema sijui wapi. Baada ya magharibi alitundika shuka kwenye uwanja wa soko. Wanaume walikaa mbele ya shuka, akina mama na sisi wasichana tukakaa nyuma yake, kwa kuwa mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu na heshima ilikuwa heshima. Kwa hiyo sisi tuliona kila kitu kimegeuka. Watu wa mji ule walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto, na bibi yangu alinung'unika tangu mwanzo kwamba hawakulelewa.

Lakini jamani, ulikuwa mzuri. Nyumba nyeupe zimejipanga safu, taa hazina utambi, watoto wamenona, wanaume wanatoka kazini wakicheka. Karani wa duka alisimama kando akitufasiria kwa Kiswahili. Kisha mvua ikashuka, mvua ya kwetu ile isiyobisha hodi, tukatawanyika. Mzungu aliahidi kumalizia siku nyingine, ila mashine ilikuwa imeingia maji, haikuwaka tena. Nusu ile ndiyo tuliyobaki nayo.

Hakuna aliyetuambia kwamba ile ni hadithi ya kubuni, na angetuambia tusingemwamini. Picha tulizijua: mtu anasimama mbele ya mashine, anapigwa. Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alilimaliza jambo barazani kwa maneno machache. "Picha haiwezi kupiga kitu chenye haiko. Ile muji iko."

Mjomba ndiye aliyekuwa raha ya nyumba ile. Asubuhi, bibi alipoanza kutwanga mpunga, alimnyang'anya mchi akatwanga mwenyewe, mwanaume mzima, huku akiimba, mpaka jirani yetu akacheka upande wa pili wa ua. Ua wenyewe ulikuwa wa matete tu. Kaa la moto lilipita pale, chumvi ilipita, sahani ya sombe, majani ya muhogo, yenye mawese ilikwenda ikarudi na samaki wa mto Lualaba. Jirani alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, na bibi alimwita "mdogo wangu" ingawa hawakuwa na damu moja.

Kilichomchosha mjomba ni pamba. Kila mwanaume alilazimishwa kulima pamba ya serikali, na shamba lake likionekana na magugu, fimbo. Siku aliyochapwa alilala kifudifudi mkekani, bibi akimkanda mgongo. Basi alipokuja mtu wa kuandika vijana wa machimbo, akitaja kambi yenye nyumba nyeupe za safu, mjomba hakuuliza swali. Alikuwa ameshaiona kwa macho yake.

Bibi alimwambia, "Mwanangu, kule sikuona muzee hata mumoja. Wazee wao wanawaweka wapi?"

Mjomba akamcheka, akaenda.

Alirudi likizo mara moja, mwaka nilioanza kufunga Ramadhani. Alikuja na viatu, kofia na baiskeli. Barazani walimzunguka, naye akawaambia kule ni vilevile kama tulivyoona kwenye shuka. Sikupata kumwona bibi akijivuna vile.

Kesho yake alfajiri kengele ya misheni ililia. Mjomba aliruka kutoka mkekani, akatoka mbio, akasimama katikati ya uwanja wa nyumba, mikono ubavuni, kidevu juu, macho bado yamefumba. Alikuwa anangoja kuhesabiwa. Bibi aliacha mchi akamshika bega. "Uko kwetu, baba. Uko kwetu." Ndipo akafumbua macho, akaona aibu, akaanza kulia.

Bibi alimwomba abaki. Mjomba akasema, "Mama, nimekwisha kusema mbele ya watu. Nikibaki, wataniita mwongo mpaka nife."

Jioni ile jirani alitukuta kisimani. Alitua mtungi wake, akauliza taratibu, "Dada, kule iko kuzuri kweli? Wangu anataka kumufuata."

Nilimtazama bibi. Alijitwika mtungi wake, ndipo akasema, "Mwanangu hasemi uongo."

Mjomba na mtoto wa jirani wakaondoka pamoja, akina mama wakiwapigia vigelegele. Hawakurudi. Mtu aliyetoka huko, mwenye kikohozi kibaya, ndiye aliyekuja kutuambia kwamba udongo wa machimbo uliwafunika wote wawili. Matanga yalikuwa mamoja, maana ua ulikuwa mmoja. Kuanzia hapo kaa la moto liliendelea kupita, ila bibi alinituma mimi, yeye hakusogea tena pale.

Alipokuwa anakufa aliomba jirani aitwe. Akamwambia, "Mudogo wangu, siku ile kisimani, nilijua."

Jirani alimpangusa midomo kwa maji. "Na mimi nilijua, dada. Asubuhi ile ya kengele nilikuwa nawasha moto. Nilimuona kijana wako amesimama pale. Nilikuuliza ili useme hapana, nipate kumuzuia wangu."

Bibi alimshika mkono, na hivyo ndivyo walivyokuwa mpaka roho yake ilipotoka.

Mwaka jana nilikwenda Kasongo. Ua wa matete haupo, kuna ukuta wa matofali na kila mtu anapika kivyake. Mpunga unakobolewa kwa mashine, asubuhi husikii michi. Mama mmoja, hata simjui vizuri, alinitazama nilivyovaa, akatazama zawadi nilizoshusha, akaniuliza, "Nkambo, Bukavu iko kuzuri? Mutoto wangu anataka kuja kutafuta maisha." Watu walikuwa wamejaa, wote wananitazama. Nikasikia "ndiyo" imeshafika mdomoni. Ilibidi nikae chini kwanza, ndipo nikaweza kumwambia hapana.