Bi Doreen na Alama za Siku ya Homa

Bi Doreen Lindqvist ndiye mshauri wa wanafunzi katika sekondari ya mji wetu wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota. Mimi ni karani wake, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nimemvumilia mengi. Hutafuta miwani iliyo kichwani pake, huimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kukwaruza, na mezani pake pana makombo ya biskuti za tangu Pasaka. Lakini mwanafunzi akiingia, huzima simu na kumvutia kiti. Nampenda kwa hilo, ingawa sijawahi kumwambia.

Novemba iliyopita aliingia Tessa Maki na baba yake Arvo, mchimbaji, wote wawili wakikung'uta theluji kwenye zulia nililotoka kulifagia. Tessa alitaka kusomea uinjinia wa migodi, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kutuma alama za mtihani wa kuingilia vyuo. Idara aliyoitaka haimtazami mtu aliye chini ya 1300.

Alikuwa ameufanya mtihani mara mbili. Mara ya kwanza alipata 610 kwenye kusoma na 640 kwenye hesabu, jumla 1250. Mara ya pili aliufanya akitetemeka kwa homa: kusoma 540, hesabu 700, jumla 1240.

"Tuma ile ya kwanza tu," Arvo alisema. "Halafu waandikie barua, wamhurumie mtoto."

"Na hii ya pili?" Bi Doreen aliuliza.

"Hiyo ya homa ibaki nyumbani. Sisi kina Maki hatuaniki aibu zetu nje."

"Baba, jamani!" Tessa alijifunika uso.

Bi Doreen akajiegemeza kitini. "Arvo, Jumapili kanisani, kwenye chakula cha kuchangia, wewe huleta nini?"

"Samaki wangu wa moshi. Unajua."

"Viazi je?"

"Viazi vya baba hata mbwa anavikimbia!" Tessa alidakia. "Tunakula vya Bi Ingrid."

"Kuna aliyewahi kuondoka na njaa?"

"Thubutu!" alisema Arvo.

"Basi chuo hiki nacho hula hivyo hivyo. Kinachukua kusoma kuzuri kwa siku moja na hesabu nzuri za siku nyingine, kinajumlisha. Ila hakiwezi kula sahani mliyoificha nyumbani."

Midomo ya Tessa ilianza kuhesabu kimya kimya. "Mia sita na kumi, na mia saba... Baba! Elfu moja mia tatu na kumi!"

Arvo alivua kofia. "Lakini ile 540 wataiona?"

"Wataiona."

"Watamcheka."

Bi Doreen alinyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi iliyotiwa fremu. "Ile ni karatasi ya alama zangu za mtihani huo huo, ya mwaka 1981. Niliionea haya, sikuituma popote. Nikapanga barua za watu posta miaka kumi na mmoja ndipo nikaenda chuo. Hakuna aliyenicheka, Arvo. Hawakujua hata kama nipo."

Fremu ile nimeipangusa vumbi miaka yote hiyo nikidhani ni cheti cha sifa. Nilisikia uchungu, nikajitia kupanga mafaili.

Arvo aliitazama muda mrefu. "Bonyeza hapo kwenye kompyuta, binti," alisema mwishowe. "Zote mbili. Upesi, kabla sijageuza mawazo."

Februari Arvo alirudi peke yake, amekumbatia pai ya tufaha.

"Amekubaliwa!" alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeoka kwa mikono yangu. Upande huu umeungua kidogo, Doreen, usiuguse. Kata huku kuzuri."

Bi Doreen alikata vipande viwili, kimoja kila upande, akaviweka kwenye sahani moja. Alianza na kile kilichoungua, akakimaliza chote.