Ukucha wa Mjomba Juu ya Maiki

Ko, ko, ko. Huo ni ukucha wa gumba wa mjomba juu ya maiki. Kisha nyuma yake debe tupu la mafuta linajibu: pa, pa. Waliokuwa wanagombea benchi wananyamaza, waliokuwa nje wanaingiza vichwa, na mieleka inaanza. Nimesikia sauti nyingi toka hapo, ila mtu akiniuliza utoto wangu ulilia vipi nitamjibu hivyo: mara tatu, halafu mara mbili.

Aliyegonga debe alikuwa kaka yangu.

Kibanda cha mjomba kipo mpaka leo, kando ya barabara ya kwenda Kilambo. Kina kuta za mabati na paa la makuti, na televisheni imefungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli. Siku nyingine watu huangalia mpira. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, ni mieleka, na kwetu mieleka haikuangaliwa hivihivi, ilitafsiriwa. Mjomba alipunguza sauti ya Wazungu mpaka ikabaki kama nzi ndani ya chupa, akashika maiki, akatuambia kwa Kiswahili nani kamkosea nani. Kaka alikaa juu ya kigoda nyuma yake na debe katikati ya magoti. Mtu akibwagwa, pa. Akipigwa na kiti, anagonga kwa viganja viwili mpaka watoto wanaruka.

Mjomba ndiye aliyetulea. Baba simkumbuki, na hata ningemkumbuka, kwetu neno la mwisho nyumbani ni la kaka wa mama. Kiingereza chake alikiokota bandarini alipokuwa mpagazi, na hakikujaza kikombe. Lakini alijua kumtazama mtu usoni akakisia. Mtu akitoa macho, mjomba anasema, "Huyu anaapa kwa kaburi la bibi yake." Nani angebisha?

Akabisha kaka. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mimi nilikuwa darasa la sita. Jumamosi hiyo mpiganaji mmoja mkubwa asiye na unywele, ambaye mjomba alimwita Upara, alisimama ulingoni akazungumza kwa uchungu. Mjomba akatafsiri, "Anasema leo atakula nyama ya mtu, hata chumvi hataki." Kaka akacheka kule nyuma, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mjomba, hajasema hivyo. Anasema mgongo unamuuma, anaomba apumzike wiki mbili."

Kibanda kizima kilicheka. Watu walishika matumbo. Mjomba alimaliza pambano lile taratibu, akafunga kufuli, akatembea mbele yetu mpaka nyumbani bila kugeuka. Mlangoni ndipo aliposema, "Kibanda changu hakiwezi kuwa na midomo miwili. Unayejua sana, katafute chako."

Kaka ana shingo ngumu kama ya mjomba. Baada ya siku mbili alichukua begi, akaenda Kilambo, akavuka mto Ruvuma kwenda ng'ambo ya mpaka. Raba zake aliziacha. Nadhani alitaka tuone kwamba hakuchukua kitu alichonunuliwa na mjomba.

Jumamosi iliyofuata mjomba aligonga maiki kama kawaida: ko, ko, ko. Akangoja. Sisi sote tulisikia mahali pale ambapo debe lilipaswa kujibu, na halikujibu. Alingoja urefu uleule wa vishindo viwili, kisha akasema, "Leo nitawaambia jambo ambalo hawalionyeshi kwenye kioo."

Akatuambia kwamba Upara na yule kijana mwembamba wa suruali nyekundu ni mtu na mpwa wake. Upara ndiye aliyemfundisha kijana mieleka, akamfukuza kwa hasira ya siku moja, na sasa kila wanapokutana ulingoni wanapigana kwa sababu hawajui kuzungumza. Toka siku hiyo yule kijana akaitwa Mpwa. Na kila Jumamosi, miaka tisa, mjomba aliongeza kipande: Upara alivyomaliza pambano akaingia chumba cha kubadilishia nguo akafunga mlango, akalia, Upara anavyobeba viatu vya mpwa wake kwenye begi kila nchi anayokwenda.

Basi hapo ndipo ubishi wetu ulipozaliwa. Huwezi kuamini watu wazima wangeshindana hivyo juu ya chumba ambacho hakuna aliyekiona. Fundi baiskeli, mzee mwenye duka la spoki mkabala na kibanda, alikuwa wa Upara. Mama muuza mihogo ya kukaanga, aliyeweka karai lake mlangoni ili asipitwe na kitu, alikuwa wa Mpwa.

"Mpwa wako anapendwa kwa nywele tu," fundi alisema.

"Na wako hata hizo hana."

"Upara anajua kazi. Tazama anavyomlaza mtu chini, kama anaweka trei ya mayai."

"Kwa sababu anamwonea huruma, fundi. Si anamfunda huku analia moyoni? Hukusikia wiki iliyopita?"

"Lile lilikuwa jasho."

"Mtu ametembea na viatu vya mwenzie miaka yote hiyo, wewe unaniambia jasho? Hebu kula muhogo unyamaze."

Mimi nilicheka pamoja nao. Mimi ni mtu wa kucheka, hata shule niliyoishia kidato cha pili niliondoka nikicheka. Lakini mimi ndiye niliyefagia chumba cha mjomba. Nilijua viatu vipo, chini ya kitanda, vimefungwa kwenye mfuko wa sukari, na kila baada ya masika mjomba alivitoa akavianika juani visishike ukungu. Havikuwa vya Mzungu yeyote.

Sikusema. Nilielewa pia kwa nini, mapambano yakiisha, aliwafuata akina mama wanaovuka mto kuja kununua vitenge na sabuni mjini, akawauliza, "Huko ng'ambo mnaangalia mieleka?" Wakijibu ndiyo au hapana, yeye aliwaambia lilelile, "Wahadithieni. Waambieni Upara anajuta." Wao walidhani mzee anapenda sana mieleka. Hakuweza kumtuma mtu kwa mpwa wake kwa jina, kwetu mjomba hapigi magoti kwa mpwa. Akamtuma Upara.

Halafu habari za ng'ambo zikawa mbaya, za vita, watu wakavuka kukimbilia huku bila mzigo wowote, na wa kwenda kule wakawa wachache. Kuhusu kaka hatukusikia kitu, si uhai wala kifo. Mjomba akaendelea kusimulia. Kila Jumamosi aligonga mara tatu, akaacha nafasi, akaanza.

Mwaka juzi koo lake likaanza kuharibika. Daktari alimwambia aipumzishe sauti, yeye akajibu kwamba ataipumzisha Upara akipatana na mpwa wake. Daktari akadhani ni jirani. Mimi nilikuwa nimeanza kushona kwenye baraza la duka la vitambaa mjini, la familia ya Kihindi ambayo babu zao walianzia Mikindani, na Jumamosi mama mwenye duka aliniachia mapema. Nilikaa karibu na mjomba na chupa ya maji ya tangawizi. Ndoto yangu ni kuwa mtangazaji. Nikiwa peke yangu na cherehani huwa natangaza mieleka ya vifungo, na mara moja mteja alinikuta nikisema kifungo cha bluu kimemkaba cha kijani, akaondoka bila kupimwa. Kwa hiyo nilijua sauti ni nini kwa mtu, na nilisikia ya mjomba ikiisha, wiki hadi wiki, kama sabuni. Nilichoogopa kilikuwa kimoja: kwamba itaisha kabla neno lake halijafika.

Ndipo alipokuja kijana wa Madimba. Alikuwa ameajiriwa kule kwenye mtambo wa gesi, akapanga chumba mtaani kwetu, mtu mpole, mwenye simu kubwa. Alikaa Jumamosi mbili akisikiliza kwa uso wa mtu anayetafuna mchanga. Ya tatu, Upara akiwa amemwinua Mpwa juu ya mabega, akanyanyua mkono kama yuko darasani.

"Mzee, samahani. Hawa si ndugu. Nimesoma hapa. Huyo mkubwa ana familia yake mbali kabisa, na hizi ni picha za zamani, siku hizi hapigani tena. Halafu huwa wanakubaliana kabla nani aanguke. Nje ya ulingo ni marafiki, walikuwa wakisafiri gari moja."

Fundi alisimama. "Funga simu yako."

"Siongei kwa ubaya, baba. Ndiyo ukweli."

"Kijana," mama wa mihogo alisema kutoka mlangoni, "umeulizwa?"

Kisha wote wakamgeukia mjomba. Mimi nilitazama mkono wake juu ya maiki. Nilikuwa mtoto mara ya kwanza mkono ule ulipokaza hivyo, na nilijua kinachofuata. Kwenye kioo Upara alimbwaga Mpwa, na hakukuwa na kishindo.

"Amesema kweli," mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa kama msasa juu ya ubao. "Kijana, njoo. Kaa hapa nyuma. Mimi nikikosea, nisahihishe."

Akamwonyesha kile kigoda. Miaka tisa hakuna aliyekikalia. Kijana wa watu hakujua, alisogeza debe kwa mguu akaketi. Mjomba akakohoa, akasema tena kwenye maiki, si kwetu, alisema kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Nilikuwa na mtu wa kunisahihisha. Nilimfukuza."

Hakuna aliyecheka, hata fundi.

Ubishi uliofuata ulichukua mwezi. Walikuwapo waliosema mzee ametudanganya, na waliosema simu ndiyo inayodanganya. Lililomuumiza fundi lilikuwa lake mwenyewe. Aliwahi kugombana na mpwa wake juu ya mikorosho ya marehemu dada yake, wakakaa misimu mitatu bila salamu, mpaka jioni moja alipotoka kibandani baada ya kusikia Upara amelia, akaenda moja kwa moja kwa mpwa akampa mkono.

"Sasa nilifanya suluhu kwa sababu ya uongo?" alimuuliza mama wa mihogo.

"Mpwa wako anakuja kukusalimu?"

"Anakuja. Hata jana alikuja."

"Basi uombe uongo mwingine kama huo."

Mjomba alitafsiri Jumamosi nyingine nne, kijana nyuma yake akinong'ona maneno sahihi, kisha sauti ikakatika kabisa. Sasa akitaka chai anagonga meza. Kijana ndiye anayeshika maiki, anatafsiri kila neno lilivyo, na kusema kweli benchi zimepungua, kwa sababu wale watu wakizungumza sana wanazungumza kuhusu mikanda ya ubingwa. Mjomba huketi mbele akisikiliza. Akisikia neno zuri anatikisa kichwa. Lakini niliona jinsi anavyotazama mlango wakipita akina mama wa ng'ambo, mdomo ukifunguka na kufungwa bila kitu.

Mmoja wao ndiye aliyenifuata dukani mwaka huu, baada ya Idi. Alikuja kushonesha gauni, na wakati nampima mabega akasema, "Wewe si mtoto wa yule mzee wa mieleka? Kule kwetu yupo mwanaume, fundi wa redio. Kila akisikia mtu katoka Mtwara anamuuliza swali moja, tunamcheka. Anauliza: Upara bado analia?"

Utepe ulinidondoka. Aliuokota yeye. Namba ya yule fundi alikuwa nayo kwenye simu, akanisomea, nikaiandika kwa chaki kwenye kitambaa, kisha nikaiandika tena mahali pengine kwa sababu chaki sikuiamini.

Sikumwambia mjomba. Kama namba ile isingejibiwa, ningekuwa nimemfukuzia mpwa wake mara ya pili. Nilijaribu kurekodi maneno. La kwanza lilikuwa refu kama hotuba ya harusi. La pili nililia. La tatu nilimwambia hali ya mjomba, nikasikia linasikika kama la kumlaumu, nikafuta. Nikagundua kwamba hakuna neno langu ambalo Upara hajalisema tayari, na kaka alishalisikia. Alilokuwa hajui ni kama kigoda chake kipo.

Nikaiweka namba wiki mbili, nikaacha ukucha wa gumba ukue. Mama mwenye duka akauona unanasa kwenye hariri, akanigombeza, nikamwomba msamaha nikauacha.

Alhamisi mchana, watu wakiwa wamejifungia na joto, nilichukua ufunguo nikaenda kibandani peke yangu. Niliwasha spika. Debe lilikuwa palepale liliposukumwa na kijana, nikalifuta vumbi kwa ncha ya kanga na kulirudisha mbele ya kigoda. Nikakaa kwenye kiti cha mjomba, nikabonyeza simu irekodi, nikaishika karibu na spika. Nikagonga maiki kwa ukucha mara tatu. Nikangoja urefu wa vishindo viwili, bila kusema kitu, kisha nikatuma.