Picha za Fadhili

Wiki iliyopita mteja aliniletea laptop yake hapa Vwawa, kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, akilalamika kwamba inajizima yenyewe. Nilipoiwasha, feni ilikoroma kidogo, kisha ikapuliza hewa ya moto yenye harufu ya vumbi lililoungua. Niliizima upesi, nikatoka kusimama nje. Mteja alidhani kuna shoti. Sikumwambia kwamba harufu ile hunirudisha Igamba, kwenye sebule yetu, nikiwa na miaka kumi na miwili, na kwamba kila ninapoinusa namwona kijana aliyevaa kandambili zisizofanana, anacheka. Sikuwahi kukutana naye. Nitawaeleza ninyi, maana nyumbani kwetu jambo hili hatulizungumzi.

Mwaka ule kahawa yetu ilizaa vizuri. Kaka yangu Elia, aliyekuwa kidato cha tatu, alimsumbua baba mwezi mzima akisema mwanafunzi wa siku hizi hawezi kufaulu bila kompyuta. Hakusema neno juu ya gemu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeonja gemu la magari nyumbani kwa rafiki yake huko Mlowo, na tangu siku hiyo hatukuwa na usingizi mzuri wala hamu ya kupalilia. Mwishowe baba akakubali, akatenga fungu la fedha, akasema hilo ndilo hilo, halitaongezeka hata tukilia.

Elia alikuwa na karatasi. Alikwenda kuuliza kwa watu wa intaneti Mlowo, akaandika yote: RAM isipungue kiasi fulani, prosesa iwe ya namna fulani, na juu ya yote kompyuta iwe na grafiksi yake yenyewe, kwa sababu bila hiyo magari yangekwenda kama yanavutwa na ng'ombe. Chini kabisa aliandika kwa herufi kubwa: ISICHEMKE HARAKA. Mimi niliikariri karatasi ile kuliko masomo ya kipaimara.

Tulikwenda Tunduma sisi watatu, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani. Duka lilikuwa karibu na mpaka, mahali ambapo malori hupanga foleni na hewa hunuka dizeli na mahindi ya kuchoma. Muuzaji alikuwa bwana mnene, mpole, aliyewasalimu wateja wa Zambia "Mulishani mukwai" kisha akatugeukia sisi kwa Kiswahili bila hata kupumua. Kwa fedha yetu alituwekea mezani kompyuta tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, bado ina nailoni, lakini dhaifu. Elia alisema hiyo itashindwa hata na gemu la mpira. Ya pili ilikuwa nyembamba, inang'aa kama sahani, nayo haikuwa na grafiksi. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, imepasuka kona moja, betri imekufa, herufi ya Q haipo. Ila ndani yake kulikuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi.

Baba alizipima zote kwa mikono, moja baada ya nyingine, kama anavyopima watoto wa nguruwe mnadani, akasema nzito ndiyo yenye vitu ndani. Elia alinikonyeza. Kwa mara ya kwanza baba na karatasi yetu walikubaliana.

Muuzaji akaiwasha ili tuone kama inachemka. Kwenye kioo likatokea jina: Fadhili. Elia akauliza ni nani. Muuzaji alisema ni jina la mwenyewe, tutalibadilisha tukifika nyumbani; familia ilitaka fedha ya haraka, ndiyo maana bei imeshuka. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anatazama malori, si sisi. Tuliichezea nusu saa palepale. Feni ilipuliza ile harufu ya vumbi, lakini kompyuta haikuzimika. Baba akalipa, akamwachia muuzaji namba yake ya simu endapo ingepatikana betri nyingine.

Nyumbani tuligundua kwamba diski imejaa hadi pomoni. Gemu la magari lilihitaji nafasi kubwa, na rafiki yake Elia alikuwa ameahidi kutupatia Jumapili. Elia akaondoka kwenda Mlowo mapema ili yule rafiki asije akabadili mawazo, akaniachia kazi ya kusafisha.

Kwanza nilifuta filamu, kisha nyimbo. Nafasi haikutosha. Likabaki folda moja kubwa lenye jina la yule mtu, nami nikalifungua. Zilikuwa picha nyingi, na video. Kijana wa miaka ishirini hivi, mara amesimama kando ya shimo la dhahabu huko Saza, mara ameshika nyundo, mara ameketi na wenzake wanakula ugali kwenye sufuria moja. Zile kandambili zilikuwa moja ya bluu, moja nyekundu. Kwenye video moja, ndefu kuliko zote, alikuwa anazunguka msingi wa nyumba uliokwisha kupandishwa matofali hadi kiunoni. Nilitambua Mlowo kwa ule mnara wa simu nyuma yake. Alikuwa anahema, kamera inatikisika, anasema, "Mama, ingia. Hiki ni chumba chako. Usimwambie mtu, nitakuleta mwenyewe."

Niliitazama mara mbili. Nilimpenda, hata sijui niseme vipi. Kisha nikafuta folda zima, nikamwaga na kile kipipa cha takataka, nikahesabu nafasi, nikafurahi kwamba imetosha. Ilikuwa Ijumaa jioni.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa haujapanda bado alipokuja mama mmoja amejifunika khanga mbili tu, anatetemeka. Alikuwa ametoka Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, na hakujua baridi ya Mbozi. Mama yangu alimvika sweta lake kabla hata hajamuuliza jina. Alipokwisha kunywa chai akaeleza, polepole, kwa Kiswahili cha watu wa bondeni. Mwanawe Fadhili alifukiwa na kifusi huko Saza. Simu yake ilipotea humohumo. Shemeji yake aliiuza kompyuta bila kumwambia, akisema haina faida kwa mfu. Yeye alizunguka Tunduma duka kwa duka hadi akampata muuzaji, naye akampa namba ya baba na jina la kijiji chetu. Kompyuta hakuitaka, alisema, ni yenu, mmelipa. Alifungua fundo la khanga akatoa flashi mpya ya kubebea picha za mwanawe, bado iko kwenye kikaratasi chake. Wiki moja kabla ya kufa Fadhili alimpigia simu akamwambia amemwekea kitu ndani ya kompyuta, atamwonyesha akirudi.

Baba aliniita. Alikuwa ameketi wima kama anavyoketi msibani.

"Rhoda, humo ndani kulikuwa na picha za mtoto wa mama huyu?"

Nilimtazama yule mama. Fadhili alikuwa amechukua macho yake. Niliogopa kiboko, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kwamba baba angeona aibu akamrudishia kompyuta yake, na Elia alikuwa amekwenda kuleta gemu.

"Hapana, baba. Tuliikuta tupu."

Yule mama hakulia. Aliniambia ahsante, mwanangu, akairudisha flashi kwenye fundo la khanga. Akaomba kuishika ile kompyuta tu. Nilimletea. Akapitisha viganja juu ya herufi zote, akasimama kidogo palipokosekana ile moja, kisha akasema gari lake litamwacha. Mama yangu alikataa kurudishiwa sweta.

Jumapili Elia alifika na gemu. Tuliliweka, likajaza nafasi yote niliyoiandaa, nasi tukacheza. Lilikuwa zuri kama tulivyoota. Lakini kila feni ilipoanza kukoroma nilisikia mtu anahema, kama anayezunguka msingi wa nyumba, na nilipokaa peke yangu sebuleni niligeuka nyuma mara kwa mara. Wakati mwingine niliitwa niingie. Kabla mwezi haujaisha nilimwambia Elia nimechoka na magari, achukue zamu zangu zote. Alidhani nimekua.

Nikiwa chuo Mbeya, mwalimu wetu alitufundisha kwamba kitu kilichofutwa kwenye diski hakiondoki. Kinapoteza tu jina na njia ya kukifikia. Chenyewe hulala palepale, kizima, hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Yule mama alipokuwa anapitisha viganja vyake juu ya herufi, Fadhili alikuwa mle ndani, na video yake, na chumba. Kama ningesema kweli asubuhi ile, fundi yeyote mzuri wa Tunduma angemtoa. Tulimzika sisi siku iliyofuata, kwa magari yetu.

Mwaka jana nilikwenda Kamsamba. Sikuwa na haja ya kuuliza sana. Kila mtu alimjua mama Fadhili. Amezeeka, anaishi kwa binti yake. Nilimwambia yote, kuanzia folda hadi mnara wa simu, nikamwambia kwamba nilikwenda Mlowo kutafuta ule msingi na kwamba chini ya mnara sasa kuna nyumba nyingi zimekamilika, za watu wengine, na sikuweza kujua ni ipi. Nilipiga magoti. Nilitegemea anifukuze, na nadhani nilitaka anifukuze.

Habari za kiwanja hakuuliza, wala za kwa nini nilisema uongo. Walipomleta Fadhili, aliniambia, walimzuia asifunue sanda kumtazama.

"Katika hizo picha," akauliza, "alikuwa amekonda?"

Nikamwambia hapana mama, alikuwa na afya, mashavu yamejaa, na alikuwa anacheka. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita binti yake aje kusikia, nami nikasema kwa mara ya tatu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sitamaliza kusema. Sasa ninakwenda Kamsamba kila ninapopata nafasi. Ananiketisha kwenye mkeka, nami namweleza picha moja moja, ile ya nyundo, ile ya sufuria ya ugali, polepole, nikijihadhari nisiongeze kitu. Kila safari nakuta kuna moja ambayo siioni tena vizuri, na bado sijapata ujasiri wa kumwambia.